Jino la Mwalimu Rispa

Wiki tatu zilizopita nilikutana na Sista Helida kwenye foleni ya duka la dawa huko Kombewa, na yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Amestaafu uuguzi, nywele zote zimekuwa nyeupe, lakini sauti yake ni ile ile ya chini, ya mtu aliyezoea kuwapa watu habari mbaya bila kumshtua mgonjwa wa kitanda cha pili. Aliniuliza kama bado nafundisha, nikamwambia bado. Kisha akauliza habari za Mwalimu Rispa, ndipo nikajua kwamba hakupata kusikia kuwa alifariki. Tulitoka kwenye foleni tukasimama barazani, nikamweleza. Akasema kwamba katika miaka yote aliyofanya kazi kwenye kliniki ya saratani kuna siku chache ambazo hazijamtoka kichwani, na moja ni siku ile niliyomshika mkono. Sikumuuliza ni siku gani. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula chakula cha mchana, na tangu hapo mwaka ule mzima umekuwa ukinijia, si kwa mpangilio, bali chumba hiki leo, sauti ile kesho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ualimu na serikali bado haijaniajiri, nikapata kazi ya muda katika shule moja ya msingi huko Kisian. Mwalimu mkuu aliniambia hana nyumba ya kunipa, ila Mwalimu Rispa Adongo, anayefundisha muziki na darasa la nne, anaishi peke yake na ana chumba. Mimi nilikuwa msichana wa Kiislamu wa mjini Kisumu, sijawahi kulala nyumba ya watu wasio ndugu zangu. Yeye alikuwa mama wa kanisa wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mjane, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Siku niliyofika nilikuta amenunua sufuria mpya na kisu kipya, ameviweka peke yao kwenye rafu ya chini. Akaniambia, "Hizi ni zako. Hazijagusa kitu cha kukusumbua." Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka inateleza, na kati ya chumba changu na chake ulikuwapo ukuta usiofika juu kabisa. Kila alichofanya nilikisikia: kitanda kikilia, slipa zikitafutwa kwa mguu, pumzi ikishikwa kabla ya kusimama.

Aliniambia siku ya pili, tukiwa tunakula. Alisema titi lake la kushoto lilikatwa miaka mitatu kabla, akadhani mambo yameisha. Kisha nyonga ikaanza kuuma, na picha zikaonyesha kwamba ugonjwa umeingia kwenye mfupa wa nyonga na pingili mbili za mgongo. Alilisema hilo kama mtu anayesoma ratiba ya masomo. Kila asubuhi alimeza kidonge cha kuzuia homoni zinazoulisha ugonjwa, pamoja na vidonge vikubwa vya kalsiamu vilivyonuka chokaa, na kila baada ya wiki nne alikwenda mjini kuwekewa dripu ya dawa ya mifupa. Alikuwa ameitumia kwa zaidi ya mwaka. "Haiponyi," akasema. "Inashikilia tu. Ni kama mtu ameegemea ukuta ili usianguke." Halafu akaniuliza kama samaki amekolea chumvi. Nilijibu amekolea, lakini sikuwa nahisi ladha yoyote. Nilikuwa nikiangalia mkono wake ukivunja ugali, nikiwaza jinsi mfupa wa mtu unavyoweza kuoza ndani yake huku yeye anakula.

Hofu yangu ilianzia hapo, na sasa ninapokaribia arobaini naona kwamba mwanzoni haikuwa hofu ya kumhurumia yeye. Nilijihofia mimi. Niliogopa avunjike nikiwa peke yangu naye. Nilipangusa maji bafuni kabla hayajatulia. Niliondoa mkeka mlangoni, nikauficha chini ya kitanda changu. Akienda msalani nilihesabu hatua zake, na hatua moja ikichelewa moyo wangu ulisimama nayo. Katika chumba cha walimu nilisikia watu wakiongea nikiwa nyuma ya kabati la vitabu. Mwalimu mmoja alisema kwamba saratani ikishaingia kwenye mifupa huyo ni wa kusubiriwa tu, na mwingine akamjibu kwamba mbona anaimbisha watoto vizuri. Nilitoka pale na daftari mkononi nikijifanya sijasikia. Jioni hiyo Mwalimu Rispa aliniuliza wanasema nini juu yake shuleni. Nikasema hawasemi kitu. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na ulitoka kwa urahisi ulionishangaza.

Nilianza kumsindikiza kliniki mwezi wa pili. Walimpima damu kwanza kuona kama figo zinaweza kuistahimili dawa, kisha tukakaa kwenye benchi refu la mbao pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na mfuko wake wa karatasi. Hapo ndipo nilipomjua Mama Pamela, mwuza nguo wa Kondele, mcheshi, aliyekuwa akituita sote "wanakwaya wa dripu." Ugonjwa wake ulikuwa kama wa Mwalimu. Mwezi uliofuata figo zake hazikuwa sawa, daktari akamsimamishia dripu kwa muda. Mwezi wa nne hakuja. Dada yake ndiye aliyekuja kuchukua karatasi, akatueleza akiwa amesimama, mkoba kifuani, kwamba Mama Pamela aliinuka tu kwenye kigoda jikoni kwake, hakuanguka wala hakujikwaa, na mfupa wa paja ukakatika. Watu wa nyumba ya pili waliusikia. Nilimtazama Mwalimu Rispa, naye alikuwa akitazama mguu wake mwenyewe. Tulipotoka nje aliniambia polepole kwamba amejifunza kitu. Ukiwaambia hawa watu kwamba una kasoro, wanakunyang'anya dawa. Nilimwambia kwamba huenda daktari alikuwa na sababu. Akasema sababu anayo, lakini paja ni la Mama Pamela.

Jino lilianza kuuma majuma machache baadaye. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Kwanza aliacha kutafuna upande huo, kisha akaacha mahindi ya kuchoma aliyoyapenda, kisha nikaona shavu limevimba asubuhi moja akiwa anafunga kitambaa mbele ya kioo. Nilijua maagizo. Yalikuwa yameandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, na Sista Helida aliyarudia kila mwezi: mtu anayetumia dawa hii asing'olewe jino kabla ya kliniki kujua. Nilimkumbusha. Akasema wakijua watasimamisha dripu mpaka jino lishughulikiwe, na kidonda kipone, na wapime tena, na hapo ni miezi mitatu au minne imepita, na katika miezi hiyo nani atamshikia nyonga. Alichukua jaketi lake. Tulikwenda Kondele, kwenye kliniki ndogo ya meno ghorofani, ambako hakuna aliyemjua. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole, akamuuliza taratibu kama kuna dawa yoyote anayotumia. "Ya presha tu," akasema Mwalimu Rispa. Alinishika kidole gumba akakibana. Nilisimama pale nikatazama dirishani, bodaboda zikigeuza kwenye makutano, nikasikia jino likitoka.

Nje, damu bado kwenye pamba mdomoni, aliniapisha. Alisema kwa shida, maneno yakipita kando ya pamba, kwamba mimi ni mtoto wake sasa, na mtoto hatoi siri ya mamaye. Niliapa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu aliniita nyathina, mtoto wangu, kwa Kijaluo, na nilikuwa mbali na kwetu. Na pia kwa sababu nilikuwa nimemwona Mama Pamela ndotoni, akiinuka kwenye kigoda.

Kidonda hakikufunga. Wiki ya kwanza tulisema ni mapema. Wiki ya tatu alikuwa akisukutua kwa maji ya chumvi mara tano kwa siku, na mimi nikimpikia uji, mrenda, viazi vya kuponda, samaki niliyemchambua mara mbili nikihofia mwiba. Siku ya dripu ilipofika, Sista Helida alimuuliza kama kawaida: homa? maumivu mapya? meno na mdomo? Mwalimu Rispa akasema mdomo uko salama. Sista akanitazama mimi, nadhani kwa kawaida tu, bila nia, nami nikainamisha macho kwenye kadi. Dawa ikaingia tone kwa tone, kama dakika ishirini hivi, na kila tone nililitazama likianguka. Tulinunua ndizi mbivu njiani. Alikula akiwa na furaha, akaniambia, unaona, hakuna kilichotokea.

Kisha ikaja harufu. Ilianza kama ya maji ya chombo cha maua yaliyokaa, baadaye ikawa kitu ambacho sikutaka kukipa jina. Alianza kuongea akiwa ameweka leso mdomoni. Shuleni aliacha kuimbisha kwaya. Alisema koo limemkauka, akanipa mimi fimbo ya kuongozea, na watoto wa darasa la nne waliokuwa wakigombania kukaa karibu naye wakaanza kusogea nyuma kidogo kidogo, bila ubaya, kama watoto wanavyofanya. Aliona. Siku hiyo aliporudi nyumbani aliketi kitandani na viatu vyake miguuni, akaniita, akanipa tochi, akasema niangalie nimwambie. Ilikuwa saa kumi alasiri na jua lilikuwa likiingia dirishani, lakini nilihitaji tochi ili kuona mpaka nyuma. Nyama ya ufizi ilikuwa imerudi nyuma, nyekundu, yenye usaha pembeni, na katikati yake kulikuwa na kitu cha rangi ya manjano iliyofifia, kikavu, kigumu. Nilidhani ni jino jingine. Kisha nikaelewa kwamba ni taya lenyewe. Nilikuwa nikitazama mfupa wa mtu aliye hai anayenipulizia pumzi usoni. Aliniuliza, "Kuna nini?" Nikasema kuna wekundu kidogo.

Zilibaki siku sita kabla ya dripu. Siku hizo sita sikumbuki nilifundisha nini. Nakumbuka nikipima mambo mawili ambayo yote yalikuwa mabaya: nikisema, watamsimamishia dawa na paja lake litakatika kama la Mama Pamela, na itakuwa ni mimi; nisiposema, taya litaendelea kufa, na itakuwa ni mimi vilevile. Nilitamani mtu mwingine ajue ili asiwe mimi. Nilifika hadi mlangoni kwa mwalimu mkuu nikageuka. Nilisali nikaomba niumwe siku hiyo ili nisiende.

Sikuumwa. Tulikwenda. Damu ikapimwa, figo zikawa sawa, Sista Helida akauliza maswali yake, na Mwalimu Rispa, leso mkononi, akajibu kwamba mdomo uko salama. Alikuwa amesukutua kwa dawa kali ya mnanaa na amekaa mbali na Sista, upande wa dirisha lililo wazi. Sindano ikaingizwa mkononi. Chupa ikatundikwa. Sista Helida akanyoosha vidole kufungulia dripu, na mimi nikaushika mkono wake. Sikupanga. Niliuona mkono wangu ukiwa juu ya wake.

"Sista, usifungulie kwanza," nikasema. "Aling'olewa jino. Mfupa unaonekana."

Mwalimu Rispa hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani kwake bila kubisha. Sista Helida aliiondoa chupa, akavaa glavu, akamwomba afungue mdomo. Alipoona, alifumba macho yake mwenyewe kwa muda mfupi, kisha akaenda kumwita daktari. Daktari alieleza akiwa ameketi kwenye kiti cha chini, uso kwa uso naye. Alisema dawa hii inaufanya mfupa uwe mgumu kuliwa na ugonjwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo mfupa unakuwa mzito kujirekebisha, na taya ndilo linaloumia zaidi jino likitolewa. Wakati mwingine sehemu ya taya inakufa. Ingeongezwa dozi nyingine juu ya kidonda kile, mambo yangezidi kuwa magumu. Dripu ingesimama. Angepewa dawa za kuua vijidudu, maji ya kusukutua, na miadi kwa daktari wa meno wa hospitali. Kidonge cha kila siku angeendelea nacho. Mwalimu Rispa aliuliza swali moja tu: nyonga yake itakuwaje. Daktari akasema hawezi kumwahidi.

Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni mwa chumba chake akasema, "Umenitoa kwa dawa yangu. Mfupa wangu ukikatika, wewe ndiye utakayeusikia, kwa sababu ukuta wetu ni mfupi." Kisha akafunga mlango.

Nilikaa wiki saba katika nyumba ile bila kuongeleshwa. Ningeweza kuondoka, mama yangu alinitaka nirudi mjini. Lakini maneno yale yalinifunga. Alikuwa amesema kweli, ningesikia. Nilipika, nikaweka sahani mezani, nikaingia chumbani kwangu, naye akatoka akala, akaosha sahani yake, hata sufuria yangu akaiosha akairudisha kwenye rafu ya chini mahali pake. Jirani yetu ndiye aliyeleta ujumbe kati yetu: mwambie chumvi imeisha, mwambie Jumanne ni kwa daktari wa meno. Alikwenda na jirani huyo. Mimi nilibaki nikisikiliza. Kila alipoinuka kitandani nilishika ukingo wa godoro langu. Kulikuwa na mlio fulani wa mbao za kitanda chake, mkavu, mfupi, na mara mbili niliruka nikafika mlangoni kwake kabla ya kujua ni mbao. Maumivu ya nyonga yalirudi kweli. Nilimsikia akiyanong'oneza kwa Kijaluo, akiyabembeleza kama mtoto asiyetaka kulala. Nilijua ni mimi niliyeyarudisha.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa nje nikianika nguo nikasikia jina langu. "Zuhura." Si kwa sauti kubwa. Nilitupa nguo nikakimbia, nikijua kabisa ninachokwenda kukikuta sakafuni. Alikuwa amesimama kando ya beseni, mzima, uso umelowa maji. Alinyoosha kiganja. Juu yake kulikuwa na kipande kidogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho, chenye vitundu vitundu, rangi ya chai ya maziwa. Kilikuwa kimetoka chenyewe alipokuwa akisukutua.

"Ni kitu changu hiki?" akaniuliza. "Ni mimi hii?"

Nikasema ndiyo, Mwalimu, ni mfupa wako. Akanishika bega kwa mkono mwingine, uzito wake wote ukaja juu yangu, tukakaa chini pale pale kwenye saruji, polepole, yeye akiogopa nyonga na mimi nikiogopa kila kitu. Tulikaa mpaka jua likahama kutoka miguuni petu. Tulikifunga kile kipande kwenye pamba tukakipeleka kliniki, na daktari wa meno alipokiona alitabasamu, jambo ambalo kwetu lilikuwa karibu na tusi. Alieleza kwamba mwili umekitenga kile kilichokufa na kukisukuma nje, na chini yake ameona nyama mpya. Hakuwa anasema amepona. Alikuwa anasema kuna kitu kimeanza kufunga.

Kilifunga, kwa miezi minne. Dripu haikurudi mwaka huo. Mfupa wa paja haukukatika. Picha za mwisho wa mwaka zilionyesha nyonga iko vile vile, na kama ni kidonge kilichoishikilia, au dozi za nyuma, au bahati, hakuna aliyejua na mimi sijui mpaka leo. Mama Pamela hakurudi kwenye benchi. Mwaka mpya nilipata ajira kwingine, nikahama. Mwalimu Rispa hakuniambia asante, wala kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba, kwa sababu sikuwa na hakika ningeomba msamaha kwa lipi kati ya yale mawili, kunyamaza au kusema.

Aliishi miaka sita zaidi. Alirudi kuimbisha, sauti ikiwa imeshuka kidogo upande mmoja. Mwishoni ugonjwa ulifika kwenye ini, wakampeleka kijijini kwake, upande wa Kombewa, na nilikwenda kumwona. Wanawe wawili walikuwa wamefika kutoka mbali. Daktari alikuwa ameongea nao nje, na wao, watu wazima wenye ndevu, walikubaliana wamwambie kwamba kuna dawa mpya inakuja kutoka Nairobi. Waliniomba nami niseme hivyo hivyo. Nilipoingia aliwatuma wote wawili, mmoja maji ya moto, mwingine mto wa pili, akangoja mlango ufungwe.

"Wewe," akasema. "Wanasema nini huko nje?"

Nilikuwa na hofu ile ile ya zamani. Nikamwambia kwamba wanasema hakuna dawa nyingine. Alinishika kidole gumba, si kwa nguvu, nguvu hakuwa nazo.

"Haya," akasema. "Usiwaambie vijana kwamba nimejua. Hawataweza."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia na maji na mto. Akawageuzia uso, akawauliza hiyo dawa ya Nairobi itafika lini.